Kodi ya Bi Mkubwa

Kama kuna mtu aliyewahi kuipenda kodi, basi ni bibi mmoja mshona mapazia, na ukimuuliza mwenyewe atakana mpaka kuche. Kulipa hakupenda, nani anapenda? Alichopenda ni ile siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani ile taarifa ya mapato ya mwaka mzima ambayo kila mwenye kipato anatakiwa kuijaza. Siku hiyo ikikaribia wenzake wanapandwa na presha. Yeye anafagia uwanja, anabadilisha mashuka ya chumba cha wageni, na kumtangazia kila apitaye kwamba mume wake anakuja.

Mume mwenyewe, jamani, ni mjukuu wake. Yule wa ndoa alishatangulia mbele ya haki zamani. Huyu wa sasa alimpokea akiwa bado anatambaa, akamlea, akamsomesha kwa mapazia ya watu, na tangu hajajua viatu wakawa wanaitana mume na mke, kama ilivyo kati ya bibi na mjukuu anayependwa kupita kiasi. "Mke wangu, chakula!" "Kaoge kwanza, mume wangu, mimi simpakulii mwenye matope." Sasa mume amekuwa fundi wa mashine za hospitali katika mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, na ndoa imebaki ya simu.

Si kwamba hakumjali bibi yake. Kila Jumapili alipiga, na hela ya matumizi haikuchelewa. Kuja ndiyo ilikuwa shughuli. Sikukuu ikifika, mashine ya eksirei imezima. Bibi akishikwa na mafua, mashine ya oksijeni inalia vibaya. "Hizo mashine," bibi alimwambia kinyozi, mpangaji wake, "zina wivu kuliko mwanamke." Kitu kimoja tu kilimfanya mjukuu aombe ruhusa kazini bila kusitasita, nacho ni kusikia bibi yake anadaiwa na serikali.

Huyo kinyozi ndiye aliyeanzisha yote bila kujua. Alipanga chumba cha mbele cha nyumba ya bibi. Kinyozi akimlipa bibi, hiyo ni kodi. Bibi akitoa sehemu ya hiyo hela kuipa serikali, hiyo nayo ni kodi. "Yaani kodi nayo inalipiwa kodi?" bibi aliuliza mwaka wa kwanza, na mwaka huo, tumpe haki yake, aliuliza kwa dhati. Hakuelewa kitu. Mjukuu akaja mbio, akamjazia, akalala siku mbili, akala akashiba, akaondoka. Bibi akabaki mlangoni anapunga mkono, huku akili inafanya kazi. Mwaka uliofuata aliuliza swali lilelile, safari hii kwa usanii.

Maana ukweli ni huu, na nausema mapema tusije tukalaumiana mbele: bibi aliijua ritani kuliko wewe unavyoijua njia ya jikoni kwako. Watu wa kodi walileta semina ya wenye nyumba kwenye ukumbi wa mtaa. Bibi akaenda kwa ajili ya soda na biskuti, akakaa mstari wa mbele, akatoka na vyote: soda, biskuti na elimu. Tangu hapo alishamjazia kinyozi ya kwake kwa simu, miwani puani, sufuria jikoni. Lakini yake mwenyewe? Weee! Haigusi. Meseji za kumkumbusha zikiingia anazisoma, anazifuta, anaendelea kupinda pazia. Mpaka siku zibaki za kuhesabia vidole, ndipo anapiga simu kwa sauti ya mtu aliyezingirwa.

"Mume wangu, wananifunga!"

"Nani anakufunga?"

"Serikali! Nimeletewa meseji ya maneno mekundu!"

Meseji za simu hazina wekundu wowote, ila mjukuu hakuwahi kulihoji hilo. Mwaka huu bibi alipiga vilevile, akalia vilevile, akangoja jibu alilolizoea. Likaja jingine.

"Usijali, mke wangu, safari hii dawa imepatikana. Nakuja na yule mwenzangu niliyekuambia habari zake. Ni mhasibu. Atakukalisha chini akufundishe taratibu, mwakani unajaza mwenyewe hapohapo kwenye simu. Hata hutakuwa na haja ya kunisubiri tena."

Bibi alijiketisha kwenye kiti cha cherehani. Habari ya mchumba ilimfurahisha, tena sana, alikuwa ameanza kudhani ataoa mashine. Lakini hilo la kutosubiri tena lilimchoma. Kumsubiri ndiyo raha yenyewe! Ikijulikana kwamba anajua kujaza, mume ataletwa na nini? Mapazia?

"Mwambie mimi mzito wa kuelewa," akasema hatimaye. "Kichwa kimeshaganda."

"Ana subira huyo. Utampenda."

"Ndicho ninachokiogopa," bibi akajibu, akakata simu kabla hajaulizwa maana yake.

Walifika jioni, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho. Mchumba alikuwa msichana mrefu, mpole, mkoba wa laptopu begani. Akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ila bibi ni nani hapa?" Bibi akageuka kutazama nyuma yake. "Mimi ndiye bi mkubwa wa nyumba hii. Wewe ndiye bi mdogo. Huyu bwana anaongeza mke hata ruhusa haombi, mimi nashtukia tu mke mwenza yuko mlangoni na mkoba!"

Tabasamu la msichana liliganda hapo hapo, hajui acheke au aombe radhi. Mjukuu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Si nilikuambia anatania?"

"Uliniambia anatania," msichana akanong'ona. "Hukuniambia anatania hivi."

Usiku huo bibi alimtafutia kasoro kwa bidii zote. Aliangalia anavyokula, anavyoosha vyombo, anavyozungumza na mjukuu wake. Mtoto wa watu alikula bila kuchagua, akasugua masufuria mpaka chini, na kifungo cha blauzi yake kilipokatika akaenda mwenyewe chumba cha cherehani kutafuta kingine badala ya kumsumbua mtu. Kasoro ikakataa kuonekana. Bibi alipanda kitandani amenuna.

Asubuhi wakakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, laptopu katikati ya marobota, mjukuu upande huu, mhasibu upande ule, na bibi katikati, amejitia hamnazo kuanzia kwenye unyayo hadi utosini.

"Tuanze na neno la siri," mhasibu akasema.

"Likiwa la siri nitalitajaje mbele za watu?"

"Haya, liandike tu. Sasa bofya hapa."

"Mimi kubofya najua ni kubofya parachichi."

"Sawa, bibi. Hapa wanauliza mapato ya pango."

"Pango!" Bibi akashika kiuno. "Nyumba yangu ina bati, ina dari, leo imekuwa pango? Nani kawaambia nafuga popo?"

"Pango ni kupangisha, mke wangu," mjukuu akasema, na jasho limeanza kumtoka. "Kila mwaka nakueleza. Vaa basi miwani usome mwenyewe."

"Imepotea tangu juzi. Hata huyu mwenzangu hapa namwona ni wawili, na mke mwenza mmoja ananitosha."

Mhasibu hakukasirika. Hilo ndilo lililomtia bibi wasiwasi. Alirudia kila jambo kwa sauti ileile, polepole, na bibi akaanza kuona kwamba huyu hachoki, huyu atafundisha mpaka hata kopo la vifungo lijue kujaza ritani. Na hapo, kama vile shida zilizopo hazitoshi, mlango ukasukumwa. Kinyozi akaingia na taulo begani, meno yote thelathini na mawili nje.

"Bibi! Imekubali! Ile ritani yangu imekubali, cheti nimetumiwa asubuhi hii! Aisee bibi, mikono yako—"

"Ritani gani?" bibi akadakia. "Nani kakuuliza habari za ritani? Nenda kanyoe, mteja wako atakimbia nusu kichwa!"

"Lakini si wewe uliyeni—"

"Mkasi! Nilimwazima mkasi," bibi akawaeleza wenzake. "Ana shukrani za ajabu kijana huyu, ukimwazima mkasi anashukuru mwezi mzima."

Kinyozi alisimama akijikuna kichwa chake mwenyewe, akamtazama bibi, akatazama laptopu, akarudi kazini kwake bila kuelewa amekosa nini. Mjukuu hakutilia maanani, alikuwa anasoma meseji ya hospitali. Mhasibu alimsindikiza kinyozi kwa macho mpaka mlango ulipofungwa.

"Mume wangu," bibi akasema haraka, "bomba la uani linavuja tangu asubuhi. Hebu kaliangalie, hapa tuachie wanawake."

Bomba kweli lilikuwa linavuja. Lilikuwa limelegezwa, na mkono uliolilegeza siutaji. Mjukuu akatoka na spana yake, amefurahi kama mtu aliyeachiliwa na polisi.

Wakabaki wawili. Bibi akasema kichwa kinamuuma, masomo yamemzidi, bi mdogo amalizie tu mwenyewe. Akaenda kwenye cherehani yake, akampa mgongo, akachukua sindano ya mkono, akatunga uzi, apige pindo la pazia. Mhasibu akawa anajaza huku anajisemea kwa sauti.

"Chumba cha mbele, miezi kumi na miwili... haya. Umeme, analipa mpangaji... haya. Bati jipya upande wa kinyozi... hii naiweka kwenye ujenzi..."

"Usiiweke ujenzi," bibi akasema, macho kwenye pindo. "Hayo ni matengenezo. Bati limebadilishwa tu, chumba hakikuongezwa. Ukiandika ujenzi hawakutolei gharama yake kwenye mapato ya mwaka huu."

Kisha akajisikia alichokisema.

Uani spana iligonga bomba, ngo, ngo. Bibi hakugeuka, alibaki ameshika sindano, na masikio yalikuwa yamepata moto.

"Hilo la bati nalijua, bibi," mhasibu akasema taratibu.

"Unalijua? Basi mbona ulitaka kuliweka pabaya?"

"Nilikuwa natega."

Njia ya mwongo fupi, walisema wahenga, na ya bibi ilikuwa imeishia hapo hapo kwenye pindo la pazia. Msichana akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Tangu asubuhi huoni herufi zilizojaa kioo kizima, lakini huo uzi umeupitisha kwenye tundu la sindano mara moja tu, hata ncha hukulamba. Na miwani iko kwenye kopo la vifungo. Niliiona jana."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Nilitaka kujua umeificha kwa nini."

Bibi aliweka sindano juu ya pazia.

"Utamwambia?"

"Kwanza niambie wewe, bibi. Kwa nini?"

"Wewe si mhasibu? Piga hesabu basi. Nikijua, atakuja kufanya nini?" Sauti ilimpanda, akaishusha haraka asisikike uani. "Mimi simdai kitu. Hela anatuma, Mungu ampe zaidi. Nataka nimwone anakula. Nataka asubuhi nisikie ule mlango wa chumba chake unavyolia akiufungua. Nikimwambia njoo nikuone, nimekukumbuka, mashine zinaharibika. Nikimwambia serikali inanitafuta, anapanda basi. Sasa umekuja wewe, na elimu yako, na huo upole wako, hata kukuchukia siwezi, unaninyang'anya serikali yangu."

Msichana alichukua pindo la pazia akawa analinyoosha magotini kwa kiganja, ingawa halikuwa na mkunjo.

"Mama yangu ana jiko la gesi," akasema baadaye. "Kila nikikaa muda bila kwenda kwake, lilikuwa linaharibika. Nikamnunulia jipya. Nalo likaharibika wiki ileile. Nikachoka, nikamwambia mama, mwite fundi, mimi nimebanwa na kazi. Akasema sawa, mwanangu." Akalinyoosha tena lile pindo. "Tangu siku hiyo halijaharibika tena. Nikimuuliza anasema liko zima kabisa, usijisumbue. Bibi, natamani liharibike."

Bibi alimtazama huyu mke mwenza wake, ambaye machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye pazia la mteja, na lile pazia lilikuwa la hariri. Hakumkemea. Akamshika mkono.

"Tutaliharibu," akasema. "Nipeleke kwa mama yako. Mkono wangu mwepesi, natingisha kidogo tu linakufa."

Msichana akacheka huku analia. "Kama bomba la uani?"

"Kama bomba la uani. Umelijuaje hilo nalo? Ah, huyu si mhasibu, huyu ni mpelelezi!"

Mlango wa nyuma ukagongwa na mjukuu akaingia, ameloa mpaka magotini. "Bomba zima kabisa lile! Kuna mtu alilegeza nati makusudi."

"Atakuwa kinyozi," bibi akasema. "Siku hizi simwelewi."

"Hebu niambieni, tumefikia wapi?" Mjukuu akajipangusa mikono kwa suruali, akamwinamia mchumba wake. "Ameelewa?"

Hapo bibi alibana pumzi. Neno moja tu la huyu msichana lilitosha: ndiyo, ameelewa, tena zamani. Mjukuu angecheka, angempigia makofi, angesema hongera mke wangu, kisha angepanda basi na kurudi kwenye mashine zake mpaka lini, nani ajuaye. Bibi aliangalia mikono yake iliyozeeka kwenye vitambaa vya watu. Siri ilikuwa mikononi mwa mwenzake.

"Hapana," mhasibu akasema. "Hajaelewa kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kubofya. Na hatafundishika, samahani bibi. Kichwa kimeshaganda."

"Si nilisema?" bibi akaitikia, akiokota sindano yake juu ya pazia.

"Halafu kuna jambo jingine." Mhasibu akavaa uso wa ofisini, ule uso ambao watu wakiuona wanatafuta risiti zao. "Hizi hesabu za pango haziwezi kungoja mwaka mzima. Inabidi zihakikiwe kila baada ya miezi mitatu. Na si kwa simu. Ana kwa ana, mjazaji na mwenye nyumba, siku mbili kwa uchache."

"Kila miezi mitatu?" Mjukuu akakaa juu ya robota. "Siku mbili za nini?"

"Uhakiki una mambo mengi."

"Mbona sijawahi kuisikia? Utaratibu mpya huo?"

"Mpya kabisa," mhasibu akasema, na hapo hakudanganya hata kidogo, maana haukuwa umemaliza hata dakika tano tangu uzaliwe.

"Na mashine za hospitali?"

"Kuna mafundi wengine. Au unataka nikuambie faini yake?"

Mjukuu akainua mikono yote miwili. Hakutaka kuambiwa. Mhasibu akaisogeza laptopu mbele ya bibi, amalizie yeye mwenye mapato yake, na bibi akanyoosha kidole kimoja, akabofya Wasilisha palepale panapotakiwa, hakuuliza parachichi wala nini. Kioo kikazungukazunguka, kikatulia, kikaandika imepokelewa.

"Lakini kila miezi mitatu, jamani," mjukuu bado alikuwa analalamika, "si nyingi sana?"

"Nyingi wapi?" Msichana akafunga laptopu. Kwa mara ya kwanza tangu afike, alimkonyeza bibi. "Mimi nitakuwa nawe siku zote zilizobaki. Bi mkubwa naye ana zamu yake."

Bibi aliufahamu utaratibu wote kwa kichwa, kuanzia ukurasa wa kwanza wa kijitabu alichopewa kwenye semina hadi wa mwisho. Ni mara moja kwa mwaka, na hakuna mahali palipoandikwa ana kwa ana. Akafungua mdomo. Akaufumba.

"Serikali hii," akasema, akitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, "haina huruma kabisa na wazee." Kisha akainama chini ya meza, akakaa huko muda mrefu, anatafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake.